Sufuria, mesi au kibanda? Barabara, vyuma au mpira? Mwanafunzi wa chuo Mombasa achague nini

Ukianza chuo Mombasa, kuna mambo mawili ambayo hakuna tena wa kukupangia: utakula nini, na mwili wako utafanya kazi gani kutwa. Nyumbani chungu kilikuwa mekoni, na shuleni kengele ilikutoa uwanjani upende usipende. Sasa una chumba cha kupanga Tudor au Kisauni, pesa zinazoingia kwa simu na kutoka kwa simu, na vipindi vilivyotawanyika tangu asubuhi hadi magharibi. Muhula haujafika nusu, suruali ya kwanza imekataa kufunga, au imekuwa pana kama ya kuazima.

Mimi nimepita humo miaka minne. Kuna muhula niliojipikia, kuna niliokula mesi, na kuna mihula miwili ambayo mama wa mahamri alinijua kwa jina kuliko wahadhiri wangu. Wadogo zangu wanaoanza huniuliza njia ipi bora. Nimeona afadhali niziweke zote kwenye mizani moja, kila mmoja apime na ratiba yake.

Tunapima kwa nini

Mfuko kwanza. Usipime kwa bei ya sahani moja. Pima kwa mwezi mzima, pamoja na gesi, maji, nauli na deni.

Pili ni muda: wa kupika, wa kupanga foleni, wa kufika uwanjani na kurudi.

Tatu ni mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kuongezwa ibaki chini ya gramu 50 hivi. Soda moja ya mililita 300 peke yake ina gramu 30 na zaidi. Kwa mazoezi, shirika hilohilo linataja dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, au dakika 75 za mazoezi makali, na siku mbili za kuimarisha misuli.

Nne ni udumifu, na mimi hiki nakipa uzito kuliko vyote. Kila mpango hupendeza wiki ya kwanza. Swali ni kama utakuwepo wiki ya majaribio, pesa zimebaki za nauli tu na umelala kwa muda wa saa nne tu.

## Upande wa kula

### Kujipikia chumbani

Mfuko. Mwanzo wake mzito: mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichomeo chake, sufuria mbili, mwiko, kisu, ndoo. Ukishavuka hapo, sahani yako huwa rahisi kuliko ya njia nyingine yoyote, hasa ukinunua Kongowea. Soko lile ni la jumla. Ukienda peke yako kutaka nyanya nne utarudi na bei ya mtaani, lakini mkienda wanne mkagawana viazi, vitunguu, mbaazi na pojo (ndengu), tofauti mtaiona wenyewe. Na maji yaingie kwenye hesabu. Nyumba nyingi kisiwani hutegemea maji ya kisima yenye chumvi, na ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Anayehesabu unga na mafuta akaacha maji na gesi, hesabu yake ni nusu.

Muda. Hapa ndipo wengi huangukia. Maharagwe yasiyorowekwa yatakula jioni yako yote pamoja na gesi, basi yaroweke tangu usiku. Tumia maji matamu: ya kisima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na maharagwe hukawia kuiva ndani yake. Kisha kuna joto letu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku zinazopita nyuzi 32, ambazo Februari na Machi si ngeni hapa, saa moja yatosha kukitilia shaka. Chenye tui ndicho huwahi kuchacha. Ule ushauri wa kupika Jumapili chakula cha wiki nzima ni wa mwenye friji. Huna friji, pika cha kuisha.

Mwili. Mafuta, chumvi na sukari viko mkononi mwako. Wali na pojo, au sima na kunde, hukamilishana kwa protini. Mchicha na majani ya kunde huiva kwa dakika chache. Lakini tusidanganyane: nimewaona wanaojipikia wakila tambi za pakiti usiku tano mfululizo. Kuwa na jiko ni jambo moja, kupika mboga ni jambo jingine.

Udumifu. Peke yako, mdogo. Kilichotuokoa sisi ni kula kikoa. Tulikuwa wanne, kila mmoja na zamu yake, hivyo kila mtu alipika siku moja akala siku nne. Wanne ni idadi nzuri. Mkiwa wawili, mmoja akisafiri kikoa kimekufa. Mkiwa sita, ugomvi wa nani aoshe sufuria hautaisha. Wekeni kanuni mbili tangu mwanzo: mwenye zamu asiyepika ananunua, na sahani ya asiyekuwepo hufunikwa ikaliwa usiku uohuo.

Inamfaa aliyepanga chumba, mwenye wenzake karibu, na zaidi mwenye hali inayodai aangalie anachokula, kama kisukari, presha au vidonda vya tumbo. Aliye kwenye hosteli inayokataza majiko, njia hii si yake.

### Mesi ya chuo

Mfuko. Bei hutangulia kujulikana, hakuna nauli, hakuna kununua vyombo. Kosa la wengi ni kusahau wikendi na likizo, wakati mesi hufungwa au hupunguza vyakula, na siku hizo mbili zikala pesa za siku tano.

Muda. Nzuri sana kwa mwenye vipindi vya kubanana. Foleni ya saa saba mchana ndiyo adui. Ukiweza kufika saa sita na nusu utakuta mboga bado mbichi machoni. Ukifika saa nane utakuta wali na mchuzi wa chini ya sufuria.

Mwili. Sahani ya mesi mara nyingi ni mlima wa wanga na kijito cha mboga. Dawa yake ni kuzungumza na anayepakua, kwa adabu na kwa jina lake: "Dada, nipunguzie wali uniongezee maharagwe na kabeji." Mara nyingi atakubali. Tunda nunua nje kwa wauzaji wa langoni, ndizi au papai la kukatwa mbele yako. Na chai iliyokwisha kutiwa sukari jikoni, hesabu vikombe, kwa sababu huna kijiko cha kuhesabu.

Udumifu. Mkubwa. Hata ukiwa umekesha na vitabu, chakula kipo. Kinachoivunja ni kuchoka: wiki ya sita mtu anajua ladha ya Jumatano kabla Jumatano haijafika, anaanza kuteleza kuelekea chipsi.

Inamfaa anayelala hosteli za chuo, mwenye vipindi vya maabara au karakana vya mchana kutwa, na asiyetaka kufikiria chakula.

### Kibandani na hotelini

Mfuko. Kila kituo ni pesa kidogo, na kwa sababu ni kidogo hupita kama maji kwenye pakacha. Chai na mahamri asubuhi, soda saa nne, wali mchana, viazi karai jioni, kisha mayai ya kuchemsha ukirudi. Kabla ya kuchagua njia hii, fungua taarifa ya malipo ya simu yako ya wiki moja ujumlishe yaliyokwenda tumboni. Faida yake ni deni. Mama anayekufahamu hatakuacha na njaa wiki ya mwisho wa mwezi. Lakini pesa za mwezi unaofuata nazo huingia zikiwa zimekwisha kuliwa.

Muda. Hakuna inayoishinda. Tangu alfajiri hadi usiku wa manane Mombasa ina mtu anayeinjika kitu barabarani.

Mwili. Hapa watu huhukumu haraka kuliko haki. Kibanda si sumu, kinachotofautiana ni unachoagiza. Chukua chai ya asubuhi: mahamri manne na kikombe cha chai ya sukari ni unga, mafuta na sukari, utasinzia kipindi cha pili. Mahamri mawili na bakuli la mbaazi za nazi ni chakula kingine kabisa, kwa sababu mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, na utafika saa saba huna njaa. Muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu umebeba mafuta kidogo kuliko wa kukaanga, na meza huwa moja. Samaki wa kuchoma au wa mchuzi kwa wali ni mlo mzuri, shida ni kwamba mboga huja kama pambo. Omba kunde au mchicha kama sahani ya pili. Viazi karai vya jioni, vile vya ukwaju, nami navipenda. Viwe vya kushiba hamu, si vya kushiba njaa.

Usafi ndio mtihani mkubwa. Kipindupindu kimeshaupiga mji huu zaidi ya mara moja. Kula kinachotoka motoni mbele yako, angalia maji ya kuoshea sahani, na kachumbari iliyokaa juani tangu asubuhi iache, hasa msimu wa masika. Ukimwona mpishi anapokea pesa kwa mkono mmoja na kupakua kwa mwingine, umepata kibanda.

Udumifu. Mkubwa kwa tumbo, mdogo kwa mfuko.

Inamfaa anayefanya kazi na kusoma, anayekaa ng'ambo ya daraja akatoka alfajiri akarudi usiku, na yule ambaye amejifunza kuagiza.

Neno moja la pembeni kwa njia zote tatu. Muguka na miraa, majani yale ya kutafuna, huua hamu ya kula na kuiba usingizi. Nimewaona wenzangu wakipita kutwa nzima na fungu moja la muguka na soda mbili, wakidhani wamebana matumizi. Mtu akiwa humo, kulinganisha sufuria na mesi hakutamsaidia mpaka tuzungumze naye kwa upendo juu ya hilo.

## Upande wa mazoezi

### Miguu yako: kutembea na kukimbia

Mfuko. Viatu tu, na nauli unayoiokoa.

Muda. Ukikaa mwendo wa dakika 15 kutoka chuo, ukaenda na kurudi kwa miguu ya haraka siku tano, umeshatimiza dakika 150 za wiki bila kutenga hata saa moja. Sijui zoezi jingine lenye hesabu nzuri hivyo. Kukimbia kunataka saa zake: baada ya sala ya alfajiri, au jua likishalegea baada ya saa kumi na moja jioni. Unyevu wa hewa yetu huzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Mgeni aliyezoea kukimbia bara aanze taratibu, awe na maji.

Kwa mahali, njia ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, ina nafasi pana na upepo wa bahari. Anayekaa Nyali au Bamburi ana ufuo, lakini ufuo una ratiba yake. Maji yakipwa mchanga wa chini huwa mgumu na sawa, mtu hukimbia kama barabarani. Yakijaa unabaki na mchanga laini wenye mteremko, na vifundo vya miguu hulalamika. Maji husogea karibu dakika 50 kila siku, basi aliyekimbia Jumatatu alfajiri kwenye mchanga mgumu, Alhamisi saa ileile hali ni nyingine. Waulize wavuvi, au uangalie mwezi: siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupwa mbali kabisa.

Mwili. Moyo na mapafu hufaidi sana. Mikono na mgongo havipati kitu, ongeza pushapu na kuchuchumaa chumbani mara mbili kwa wiki.

Udumifu. Kutembea hudumu. Kukimbia peke yako hufa mvua za Aprili na Mei. Na kuhusu usalama tuseme ukweli: gizani, simu mkononi, ni kujitafutia. Kina dada wengi huandamana wawili au watatu, si kwa kutaka, ila kwa maneno ya njiani.

Inamfaa asiye na pesa za ziada wala saa maalumu, na anayeanza upya baada ya muda mrefu.

### Vyuma

Mfuko. Kuna jimu zenye mashine na viyoyozi, na kuna za mtaani zenye vyuma vya kujitengenezea, uzito wa saruji ndani ya mikebe. Misuli haijui tofauti. Lipa kwa mwezi, au kwa siku ukiruhusiwa, usilipe muhula mzima kabla hujajijua. Uliza bei ya mwanafunzi.

Muda. Saa moja, mara mbili au tatu kwa wiki. Jioni hujaa mno, mchana huwa wazi.

Mwili. Hujenga kile ambacho kutembea hakujengi. Hatari ni haraka: mwezi wa kwanza jifunze mtindo kwa uzito mdogo, na umwombe mzoefu akutazame mgongo. Poda za kuongeza mwili huzihitaji. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini, na dagaa, maziwa, pojo na mbaazi viko sokoni.

Udumifu. Wa kati. Matokeo ya macho huvuta, karo ya mwezi hukatisha. Kwa dada anayetaka faragha, ulizia jimu yenye saa za wanawake pekee. Hiyo ndiyo itaamua kama atarudi wiki ijayo.

Inamfaa mwembamba anayetaka kuongeza mwili, anayekaa kwenye kiti kutwa, na anayependa kufanya jambo lake kimya.

### Mpira na michezo ya timu

Gharama ni viatu na mchango wa mpira. Muda si wako, ni wa timu. Ndiyo udhaifu wake na ndiyo nguvu yake. Mwilini unapata mbio, kuruka na kugeuka kwa pamoja, pia unapata vifundo vilivyoteguka, basi pasha moto kabla. Kwa udumifu, naitanguliza mbele ya zote: saa kumi na moja jioni kuna mtu mlangoni anakuita, na ni vigumu kumwambia umelala. Viwanja vya Tononoka na Makadara havikosi watu, ufuoni maji yakipwa mpira huchezwa pekupeku, na vyuo vina netiboli, voliboli na basketiboli ambazo huwa zinatafuta wachezaji mwanzoni mwa muhula. Inamfaa mgeni wa mji ambaye bado hana marafiki, na yule anayeacha kila anachoanza peke yake.

Kuogelea sikukuweka kwenye mizani kwa sababu hapa kunataka kujua bahari kwanza. Kama hukukulia pwani, jifunze bwawani au kwa mtu, usijaribu mikondo.

## Ukiwa katika hali hii

Umepanga Tudor na wenzako watatu, vipindi huisha saa kumi: kikoa usiku, mesi mchana, na uende chuo kwa miguu. Pesa itakayobaki yatosha mwezi mmoja wa vyuma kama unavitaka.

Unakaa Kisauni au Likoni, unatoka gizani unarudi gizani: usijilazimishe sufuria siku za kazi. Kula kibandani kwa kuagiza vizuri, beba chupa ya maji na tunda, shuka matatu kituo kimoja kabla. Wikendi pika, ucheze mpira.

Uko hosteli na ratiba imejaa maabara: mesi, pamoja na tunda la langoni kila siku bila kukosa, na timu moja ya chuo.

Una uzito unaokusumbua au daktari ameshakutajia sukari au presha: jipikie hata mlo mmoja kwa siku, anza kwa kutembea, na umuulize yeye kabla ya vyuma vizito.

Wewe ni dada mwenye hedhi nyingi na uchovu usioisha: usiharakishe kulaumu uvivu. Pimwa damu. Kwenye sahani ongeza kunde, mchicha na dagaa pamoja na ndimu au chungwa, na chai isogeze mbali na mlo, kwa maana chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini.

Pesa zimekwisha na majaribio ni kesho kutwa: bakuli la mbaazi, mayai ya kuchemsha, ndizi, na robo saa ya kutembea kabla ya kurudi vitabuni.

Na Ramadhani ikiingia katikati ya muhula, mizani yote hubadilika. Vibanda vingi hufungwa mchana, basi asiyefunga apange mesi au sufuria mapema. Anayefunga atembee nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, vyuma aviache hadi baada ya tarawehe, na aliye na kikoa akihamishie daku, maana ndipo uvivu wa kuinjika humshinda mtu akalala na maji matupu. Futari ianze kwa tende na maji, kisha uji, na viazi karai visubiri kidogo.